Sauti Haisubiri: Maikrokontrola Zenye Mtandao, USB na Sauti Ndani ya Chipu Moja

Hotuba kwa mafundi wa elektroniki na wanafunzi wa ufundi, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, walimu wa vyuo vya ufundi, mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi, na ninyi vijana mliofunga vibanda vyenu asubuhi hii mkaja kusikiliza, nawasalimu nyote kwa heshima.

Kifaa hiki mnachokiona mezani, boksi la plastiki la kijivu lenye spika ya honi, kimefanya kazi msimu mzima katika ghala la korosho la chama cha msingi kimoja kilichopo Uwanda wa Makonde. Kazi yake ni ndogo ukiitaja na kubwa ukiifikiria. Mnada ukishafungwa na bei ikajulikana, karani anaiandika kwenye kompyuta ya ofisini, na boksi linaitamka kwa sauti pale ghalani, mbele ya mizani, ili bibi aliyekuja na magunia yake mawili na asiyeweza kusoma ubao wa matangazo aisikie bei ile ile, kwa wakati ule ule, na mwenye magunia mia mbili. Siku ambazo hakuna mnada, katibu hulitumia kuwatangazia watu ratiba ya malipo au ujio wa salfa, dawa ya mikorosho, akizungumza kwenye maikrofoni ya ofisini na sauti yake ikitokea ghalani, mita kama 60 kutoka pale alipokaa.

Ndani ya boksi hili mna chipu moja yenye milimita 7 kwa 7, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndiyo inayopokea ujumbe wa mtandao, inayozungumza na kompyuta kupitia USB, na inayopeleka sauti kwenye amplifaya. Nimekuja kuzungumzia chipu za namna hii, na hasa jambo moja ambalo lilinigharimu wiki nyingi kulielewa: ugumu wa kuunganisha mtandao, USB na sauti mahali pamoja hauko katika idadi ya miguu ya chipu wala ukubwa wa kumbukumbu yake, uko katika muda, kwa sababu kila moja kati ya hizo tatu ina saa yake na haijali saa ya mwenzake.

Maikrokontrola yenyewe, yaani kompyuta ndogo nzima iliyomo ndani ya chipu moja, si kitu kipya. Texas Instruments ya Marekani ilianza kuuza TMS1000 mwaka 1974, na Intel ikatoa 8051 mwaka 1980. Kwa miaka mingi chipu za aina hiyo zilijua kuhesabu, kusoma swichi na kuwasha taa. Ukitaka kifaa chako kiingie kwenye Ithaneti, yaani mtandao wa waya, uliongeza chipu ya pili, kama ENC28J60 ya Microchip. Ukitaka kukichomeka kwenye kompyuta, uliongeza chipu ya tatu. Ukitaka kitoe sauti safi, uliongeza ya nne, na kila moja ilidai kristali yake ya kupigia saa, kapasita zake na njia zake kwenye bodi. Fundi wa mkoani alishindwa kabla hajaanza, maana kupata chipu moja nzuri ni kazi, sembuse nne zinazoelewana. Mambo yalibadilika pale watengenezaji walipoanza kuzihamishia kazi hizo ndani ya chipu yenyewe, na kwa watu wa kawaida mlango ulifunguka mwaka 2014, wakati ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai ilipoingia sokoni kwa bei ya chini ikiwa na Wi-Fi ndani. ESP32 ikafuata mwaka 2016, na mwaka 2022 Raspberry Pi Pico W.

Hata hivyo, neno "ndani" linahitaji kuchunguzwa kabla mtu hajatoa fedha yake. Chukueni mfano wa LPC1768 ya NXP, au STM32F407 ya STMicroelectronics. Karatasi za maelezo zinasema, na zinasema kweli, kwamba zina Ithaneti, USB na I2S, yaani ule mfumo wa waya za sauti ya kidijitali ulioanzishwa na Philips mwaka 1986. Lakini Ithaneti iliyomo ndani ni nusu tu. Chipu inajua kupanga fremu, yaani vifurushi vya data, kuandika anwani na kuhakiki kama data imefika salama. Sehemu ya pili, inayogeuza biti kuwa volti juu ya waya na kusikiliza volti zinazorudi, iko nje, katika chipu nyingine ndogo kama LAN8720, na baada yake lazima ije transfoma ndogo ambayo mara nyingi hufichwa ndani ya soketi yenyewe ya waya wa mtandao. Nimewahi kuletewa bodi ambayo kijana hodari, mwenye mkono mzuri wa kulehemu, alikuwa ameunganisha soketi moja kwa moja kwenye miguu ya maikrokontrola, kisha akakesha siku tatu akitafuta kosa kwenye programu. Programu yake haikuwa na kosa lolote. Alikuwa ameamini neno moja kwenye jedwali.

Transfoma ile tusiidharau. Kiwango cha Ithaneti kinadai ivumilie volti 1,500 kati ya waya wa nje na bodi yako, na sisi tunaokaa ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na radi ikipiga juu ya Newala na Tandahimba kana kwamba inatafuta kitu, tunajua kwa nini. Waya wa shaba wa mita 60 uliopita hewani kati ya majengo mawili ni antena ya radi. Transfoma itakukinga na mengi, ila haitakukinga na radi iliyopiga karibu kabisa, na hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tuchague Wi-Fi kwa ghala letu badala ya waya, ingawa kwa utulivu wa mawasiliano waya ni bora.

Hapo tukakutana na chaguo lingine. ESP32 ya kwanza ina Wi-Fi, ina I2S mbili, na ina ile nusu ya Ithaneti, lakini haina USB. Tundu la USB mnaloliona kwenye bodi zake za majaribio linahudumiwa na chipu nyingine pembeni, kama CP2102 au CH340, na kazi yake ni kupitisha baiti mfululizo tu, ziwe za maandishi au za programu. ESP32-S3 iliyokuja baadaye ina USB yake yenyewe, ina I2S na Wi-Fi, lakini ile nusu ya Ithaneti imeondolewa. STM32F407 ina Ithaneti na USB, haina redio ya Wi-Fi. Kwa hiyo anayeuliza ni chipu ipi iliyo bora anauliza swali lisilo na jibu. Aende kwanza mahali kifaa kitakapokaa, aangalie ni waya gani utaingia ukutani na ni nani atakayekichomeka, ndipo arudi kwenye majedwali. Sisi tulikwenda, tukaona mabati ya ghala yanavyozuia mawimbi, tukaamua boksi likae nje chini ya upenu likitazamana na dirisha la ofisi, na S3 ikatutosha.

Sasa nije kwenye saa, na hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo kiini cha nilichokuja kusema.

Mtandao ni mvumilivu. Karani akituma bei, ujumbe ukapotea njiani, itifaki ya TCP, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandao, itautuma tena, na kama boksi litatamka bei sekunde mbili baadaye hakuna mkulima atakayejua kwamba kulikuwa na tatizo. USB haina uvumilivu huo. Katika mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde, ambao ndio chipu hizi nyingi zinautumia, kompyuta ndiyo bwana wa mazungumzo: kila milisekunde moja inaanza fremu mpya, inauliza, na kifaa kinajibu kikiulizwa tu. Ukifanya kifaa chako kijitambulishe kwa kompyuta kama spika, sampuli, yaani namba zinazoichora sauti, 48,000 kwa sekunde zitakujia 48 katika kila milisekunde, ambazo kwa sauti ya pande mbili za biti 16 ni baiti 192. Ukichagua sampuli 44,100, hesabu haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo fremu tisa zitabeba sampuli 44 na ya kumi itabeba 45, na programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba idadi haibadiliki itakwama hapo hapo.

Sauti ndiyo isiyosubiri kabisa. Sisi tunatumia sampuli 16,000 kwa sekunde, zinazotosha kwa maneno ya mtu, na maana yake ni kwamba kila baada ya maikrosekunde 62.5 amplifaya inataka namba mpya. Isipoipata, itatoa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Sikio la binadamu ni kali kuliko tunavyodhani: mtu atasamehe picha iliyokwama nusu sekunde kwenye simu, ila sauti ikikatika kwa milisekunde tano atageuza shingo.

Maikrokontrola ingeshindwa kazi hii kama kichakato chake, yaani ubongo wake wa kuhesabu, kingelazimika kubeba kila sampuli kwa mkono. Kinachoiokoa ni DMA, yaani sehemu ya chipu inayohamisha data kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye I2S bila kukisumbua kichakato. Fikirieni ghala letu: karani wa mizani hashiki gunia, wapo wapagazi wa kubeba, na yeye huambiwa tu kwamba rundo limekwisha, lete jingine. Kumbukumbu ya sauti, ambayo mafundi huiita bafa, hugawanywa nusu mbili. Wakati mpagazi anaimaliza nusu ya kwanza, kichakato kinaijaza ya pili, na wanapishana hivyo siku nzima. Urefu wa bafa ni uamuzi wa fundi. Bafa fupi huifanya sauti ifike upesi, lakini Wi-Fi ikichelewa kidogo tu, wapagazi hukuta rundo tupu. Bafa ndefu husamehe mengi, lakini katibu anayesema ofisini anajisikia kutoka ghalani baada ya muda, ulimi wake unaanza kujikwaa kwa kusikia maneno yake mwenyewe yakimfuata.

Tulipoweka mfumo wa kutangaza moja kwa moja kutoka ofisini, bafa yetu ilikuwa na nafasi ya sampuli 320, sawa na milisekunde 20, nasi tulikuwa tunaanza kuicheza ikiwa nusu, yaani na sampuli 160. Kwenye meza ya karakana ilikuwa safi, maana hatukuwahi kuisikiliza zaidi ya dakika mbili. Ghalani ikaanza kutoa "ta" moja, kisha kimya kirefu, kisha "ta" nyingine. Kwanza nililaumu mabati. Nikalaumu Wi-Fi. Nikabadilisha antena, nikabadilisha usambazaji wa umeme, nikamwomba katibu azime simu yake. Siku ya nne nikakaa juu ya gunia tupu na saa mkononi, nikawa naandika kila "ta" ilipotokea: saa nne na dakika tatu, saa nne na dakika saba, saa nne na dakika kumi na moja. Tatizo la mawimbi halina nidhamu kama hiyo. Ni saa tu inayoweza kukosea kwa mpangilio.

Hesabu yake ni hii. Kristali za kawaida zina kosa la sehemu 20 kwa milioni juu au chini, na kwetu ya ofisini ilikuwa inakimbia kidogo wakati ya ghalani ilikuwa inachelewa kidogo, hivyo tofauti yao inaweza kufika sehemu 40 kwa milioni. Zidisheni kwa sampuli 16,000: mnapata sampuli 0.64 kwa kila sekunde. Ofisi ilikuwa inatuma zaidi kuliko ghala linavyocheza, kwa kiasi ambacho hakuna kipimo chetu cha karakana ambacho kingekionyesha, na zile nafasi 160 zilizobaki zilikuwa zinajaa baada ya sekunde 250, yaani dakika 4 na sekunde 10. Bafa ikifurika, programu iliitupa nusu na kuanza upya, na huo ndio uliokuwa mlio wetu. Hakukuwa na kitu kibovu. Vifaa viwili vizima kabisa vilikuwa havikubaliani sekunde moja ina urefu gani.

Dawa yake ilikuwa ni kumfanya mpokeaji ajirekebishe. Programu yetu sasa hupima kila sekunde bafa imejaa kiasi gani. Ikiona imepanda juu ya nusu, huibana sauti kidogo sana kwa kukokotoa upya sampuli zake, na ikiona imeshuka, huinyoosha. Badiliko la sehemu 40 kwa milioni haliwezi kusikika na mtu yeyote. Waliotunga sauti ya USB waliliona tatizo hili mapema, ndiyo maana wakaweka njia ambayo spika huiambia kompyuta "kwa saa yangu nahitaji sampuli ngapi katika kila fremu", na kompyuta ikatii. Kwenye mtandao hakuna anayekufanyia hivyo bure. Ninyi mnaotaka kutengeneza vipaza sauti vya misikiti, makanisa au shule vyenye spika zaidi ya moja kwenye Wi-Fi, mtakutana na jambo hili hata kama kila kitu kingine mmekifanya vizuri, na naomba siku hiyo mkumbuke kuchukua saa na kuandika.

Kumbukumbu nitaigusa kwa kifupi. S3 ina RAM ya kilobaiti 512, ambayo ni nyingi kwa sauti, kwa sababu sekunde moja ya sauti yetu ni baiti 32,000 tu. Inayokula ni usalama wa mtandao: rekodi moja ya TLS, mfumo wa kuficha data njiani, inaweza kufika kilobaiti 16, na kwa kuwa kuna ya kwenda na ya kurudi, muunganisho mmoja uliofichwa kwa siri unaweza kutaka zaidi ya kilobaiti 32 kabla hujatuma neno. Anayefungua miunganisho minne kwa wakati mmoja ataona kifaa kinajizima chenyewe na hatajua kwa nini.

USB tumeitumia kwa kazi nyingine. Karani akichomeka boksi kwenye kompyuta, linaonekana kama flashi ya kawaida, naye anadondosha humo faili za sauti zilizorekodiwa, bila kufunga programu yoyote. Ni jambo zuri sana kwa ofisi ambayo kompyuta yake ni ya zamani na haina mtu wa kuihudumia. Lakini kuna hatari: kompyuta inaamini kwamba flashi ni yake peke yake, na maikrokontrola nayo ikiandika humo wakati huo huo, orodha ya faili huharibika. Tulipoteza rekodi zote mara moja. Tangu hapo, waya wa USB ukiwa umechomekwa, boksi hujizuia kabisa kugusa faili hizo hadi waya uchomolewe.

Tundu lenyewe nalo lina umri. Lile la zamani la USB, pana na bapa, limekadiriwa kuchomekwa mara 1,500. Ukichomeka mara tatu kwa siku, ni siku 500. Lile la aina ya C limekadiriwa mara 10,000, ndilo tulilochagua. Anayelitumia asisahau rizista mbili za ohm 5,100 kutoka kwenye mistari yake miwili ya utambulisho kwenda ardhi. Bila hizo, chaja yenye waya wa C pande zote mbili haitatoa umeme hata kidogo, na mteja atasema kifaa kimekufa, kumbe chaja inasubiri kuambiwa kwamba kuna mtu upande wa pili. Na kwa wenzetu mnaokaa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, hewa ya chumvi hula miguu ya soketi kuliko mikono ya watu; pakeni bodi varnishi ya kukinga unyevu, na mzibe tundu kwa mpira.

Kuhusu umeme, Wi-Fi inapotuma huvuta mkondo kwa ghafla. Watengenezaji wanashauri usambazaji wa volti 3.3 uwe na uwezo wa miliampea 500 au zaidi, na ushauri huo ni wa kufuata. Sauti yetu ya kwanza ilikuwa na mlio wa chini, tik tik tik, kama mara kumi kwa sekunde, hata wakati hakuna anayesema. Ruta za Wi-Fi kwa kawaida hutangaza uwepo wao kila milisekunde 102.4, chipu ikiwa katika hali ya kuokoa umeme huamka kusikiliza tangazo hilo, huvuta mkondo, kisha hulala, na nyayo zake zilikuwa zinasikika kwenye spika. Tulitenganisha njia ya umeme ya amplifaya, tukaweka kapasita kubwa karibu nayo, tukazima ile hali ya kuokoa umeme, kukawa kimya.

Sasa niwaeleze jinsi boksi linavyotamka bei, maana hapa lugha yetu imetusaidia. Hatukuhitaji kompyuta kubwa ya kutengeneza sauti. Namba za Kiswahili hujengwa kwa vipande: elfu, tatu, mia, nne, na, ishirini. Tulimrekodi mama mmoja mwenye sauti tulivu akitamka moja hadi tisa, kumi hadi tisini, na maneno mia, elfu, na, shilingi, kwa kilo. Vipande 23. Tulipoviunganisha vikatoka kama mtu anayesoma orodha asiyoielewa, kwa sababu "tatu" ya katikati ya maneno na "tatu" ya mwisho hazitamkwi sawa. Ya mwisho hushuka. Tukarekodi zile 18 za namba mara ya pili kwa sauti ya kushuka, vikawa vipande 41. Kwa wastani wa sekunde 0.7 kila kimoja ni baiti 918,400, chini ya megabaiti moja, vinakaa ndani ya flashi ya bodi bila kadi yoyote. Salamu na maneno ya kuwaita watu tulirekodi pia kwa Kimakonde, na siku ya kwanza wazee walisimama kusikiliza mpaka mwisho.

Bei hufika kwa itifaki ya MQTT, iliyotungwa mwaka 1999 kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, pale ambapo kila baiti ililipiwa. Kichwa cha ujumbe wake mdogo kabisa ni baiti 2. Seva yake tumeiweka kwenye kompyuta ya ofisi, na uamuzi huo naupigia mstari. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu, intaneti ikasuasua nchi nzima. Kifaa kinachokwenda kuuliza seva iliyo ng'ambo kabla ya kutamka neno kingekuwa bubu siku hizo. Ofisi na ghala viko katika kiwanja kimoja. Kwa nini maneno yao yavuke bahari?

Na kuna jambo linaloniuma kuliko mengine yote. Mashine inayotamka bei mbele ya wakulima ikidanganywa, itadanganya watu mia kwa pumzi moja. Mtu mwenye nywila ya Wi-Fi angeweza kutuma bei ya uongo, ya chini, na mkulima akamuuzia jirani kwa kangomba, yaani nje ya mnada rasmi, akidhani soko limeanguka. Kwa hiyo kila ujumbe wetu una sahihi ya HMAC inayotokana na ufunguo wa siri uliomo kwenye kompyuta na kwenye boksi peke yake, na una namba inayopanda, ili bei ya jana isirudishwe leo. Chipu inahakiki kwa mashine ya SHA, yaani ya kukokotoa sahihi hizo, iliyomo ndani yake kwa muda usiofika hata kupepesa jicho. Ujumbe usio na sahihi halali hautamkwi. Vijana, mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa sababu tu watengenezaji waliziuza zikiwa na nywila za kiwandani zinazojulikana. Msiuze kifaa cha namna hiyo. Kila boksi litoke karakana na ufunguo wake.

Nimesema ya kutosha, na mlio nyuma mnataka kuona ndani. Nitafungua skrubu nne hizi, na tutaanza na waya wa kwanza kati ya zile tatu za I2S, ule wa saa ya biti. Sampuli 16,000, pande mbili (I2S huzihesabu zote hata kama sauti yetu ni ya upande mmoja), biti 16: oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, inapaswa kutuonyesha kilohezi 512. Kisha tutaweka boksi la pili kando ya hili, tusome saa za maboksi yote mawili pamoja kwenye skrini moja, na mtaona kwa macho yenu jinsi wimbi moja linavyoanza kuteleza taratibu mbele ya jingine.